Kuku wa kienyeji bei juu, kazi ya kienyeji aibu. Nani aliyapangia maneno yetu bei?

#1 Karani wa Tegeta

Wakuu, salaam.

Ijumaa ofisini kwetu kulikuwa na kikao cha kupitia ripoti ya robo mwaka. Mhasibu wetu, kijana mzuri tu na kasoma, akashika karatasi za mtu wa idara nyingine akazitupa mezani: "Hii imefanywa kienyeji mno. Hatuwezi kuwapelekea wafadhili kitu kama hiki." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Hata aliyeiandika naye alitikisa.

Saa saba tukashuka kwa mama ntilie wa nyuma ya jengo. Mhasibu yule yule akaagiza wali kuku. Sahani ilipofika akalibonyeza paja kwa kidole, akaisukuma pembeni. "Mama, nimesema wa kienyeji. Huyu wa kizungu huyu, nyama kama sponji." Mama akamwambia wa kienyeji kapanda bei. "Haina shida, lete."

Tangu siku hiyo neno hili halijanitoka kichwani. Kazi yangu ni kuhariri nyaraka na kuzitafsiri, kwa hiyo maneno ndiyo ugali wangu, lakini hili nilikuwa nalipita kila siku bila kulisalimia.

Kienyeji kimetoka kwa mwenyeji. Mwenyeji ni mwenye mji, anayempokea mgeni, anayejua kisima kiko wapi na mbwa wa nani anauma. Kufanya jambo kienyeji kulitakiwa kuwa kulifanya kama wenye mji wanavyolifanya. Sasa tembea mtaani usikie. Umeme umeungwa kienyeji: nyaya zinaning'inia, mvua ikinyesha msishike ukuta. Kapata leseni kienyeji: usipande gari lake. Kajifungua kienyeji, kafungwa mguu kienyeji. Gongo ni pombe ya kienyeji, bia ni bia tu, haina kwao. Ukiongeza mkia, "kienyeji enyeji", hapo ndiyo umemmaliza mtu kabisa. Aliyeokoka ni kuku peke yake na mayai yake, na kilichomwokoa ni ulimi. Ulimi haudanganyiki kama sikio.

Upande wa pili yupo mzungu. Jina lenyewe halikuwa la heshima wala la rangi, ni mtu wa kuzungukazunguka, haeleweki anatafuta nini. Mzururaji, kwa lugha ya mgambo wa jiji. Leo "kizungu" ni utaratibu: fika kwa muda wa kizungu, kaa kizungu, weka choo cha kizungu. Hata wauza dawa za kulevya wakubwa mtaa uliwaita "wazungu wa unga", na wengi wao ni watoto wa hapa hapa. Bosi akiwa bosi kweli, tunampaka rangi.

Yaani mzururaji amekuwa kipimo na mwenye mji amekuwa fujo. Hakuna aliyeitisha kikao tukapiga kura. Nadhani neno linashika bei ya mtu aliyekuwa na funguo za ofisi siku lilipoanza kutumika, halafu funguo zinabadilisha mikono na bei inabaki pale pale.

Serikali yenyewe ililiona hili. Ilipotaka kuwapa waganga hadhi kisheria haikuweza kuandika "dawa za kienyeji" juu ya sheria. Mwaka 2002 ikaja Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mizizi ile ile, mganga yule yule, ila kienyeji kilikuwa kimeshuka chini mno kuingia kwenye karatasi yenye nembo ya taifa.

Naomba tuchimbe. Leteni maneno ya kila siku, yale tunayoyatumia bila kufikiri, yenye rangi ya mtu au cheo cha mtu ndani yake. Matusi ya makabila sitaki, yale kila mtu anayajua.

#2 Jongoo wa Mbagala

Uzi bila picha ya huyo kuku ni uzushi. Nimekaa paleee na kahawa yangu.

#3 Mpima Viwanja

Mleta mada umenigusa pabaya, mimi ni mpima ardhi.

Panda bajaji Mbeya umwambie dereva "Uhindini" au "Uzunguni", atakupeleka bila kuuliza, na hakushangai. Ndivyo miji yetu mingi ilivyokatwa. Dar es Salaam, Wajerumani kisha Waingereza waliigawa kanda tatu. Ya kwanza kule upepo wa bahari, Osterbei ikaja kuwa humo. Ya pili ya maduka, ya Wahindi. Ya tatu Kariakoo na baadaye Ilala, ya Waafrika. Katikati wakaacha uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, kwa hoja ya afya: ugonjwa wa Mswahili usivuke.

Sasa utamu wa karani uko hapa. Kanuni za ujenzi hazikusema "Mwafrika asikae hapa". Zilisema nyumba za kanda ya kwanza ziwe za aina ya kizungu. Jenga hiyo nyumba kama unaweza! Mshahara wanaupanga wao, mkopo hupati, halafu wanakwambia sheria haina ubaguzi, inaangalia ukuta na bati.

Miaka ya mwisho ya ukoloni majina ya rangi yakaanza kuona haya. Uzunguni haukuweza kuandikwa tena waziwazi kwenye ramani, kwa hiyo kanda zikashika majina ya hesabu: ujazo mdogo, ujazo wa kati, ujazo mkubwa. Mpaka leo fomu zetu za viwanja zinasoma hivyo. Kaa chini na ramani ya zamani na mpya, uone ujazo mdogo umeangukia wapi.

Nilikuwa na mteja mmoja, mzee kastaafu ualimu, anataka kiwanja. Namweleza: mzee, hapa ujazo mkubwa, pale wa kati, kule ujazo mdogo. Akaniangalia kama namchanganya, ujazo mdogo halafu viwanja vyake ndiyo vikubwa? Nikasema, "Mzee, ujazo mdogo ni kule uzunguni." Akacheka, "Si ungesema!" Akaenda kulipia ujazo mkubwa.

#4 Chizi Maarifa

Mpima, siku hizi hatusemi uzunguni tena, ni USHUANI. Na sisi wengine uswazi. Mzungu kaondoka, geti limebaki na mlinzi kabadilishwa sare.

Ila uswazi tumeigeuza. Zamani ukiambiwa "una mambo ya kiswahili" ni umbea na uongo wa saa. Sasa msanii akitaka kuonekana wa kweli lazima aseme katokea uswazi, hata kama kazaliwa Masaki.

#5 Bint Mwembetanga

Asalaam aleikum. Mie mtu wa Unguja, na lipo neno moja nyote mmelipita kana kwamba halipo: ustaarabu.

Lisikilizeni lenyewe linavyosema. Ndani yake mna Mwarabu amekaa. Asili yake kwa Kiarabu ni kujigeuza kuwa Mwarabu, na sisi tukalifanya ndiyo jina la tabia njema. Mtoto akila bila kumwaga, kala kistaarabu. Mtu akipanga foleni, mstaarabu. Mzungu wa Sweden akisema ahsante tunamwita mstaarabu, na Mwarabu hana habari naye.

Kabla ya hapo watu wa mwambao walikuwa na neno lao, uungwana. Ustaarabu ulikuja kulipita uungwana katika karne ya 19, pale Seyyid Said alipohamishia kiti chake Unguja kutoka Maskati na wenye mashamba ya karafuu wakawa ndio wenye nchi. Bei ya neno ilifuata kiti, kama alivyosema Karani.

Lakini msikimbilie kusema uungwana ulikuwa neno safi. Muungwana alikuwa mtu huru, na ukitaja mtu huru pana asiye huru amesimama mlangoni na ndoo. Mtwana, mjakazi. Halafu pakawa na wale wa bara ambao bado hawajakamatwa, hao ndio washenzi. Mshenzi halikuwa tusi la tabia peke yake, lilikuwa anwani. Mtu wa kule ndani, asiye wa mji, asiye wa dini, anayeweza kununuliwa. Bibi yangu, Mungu amrehemu, akituona tunakula wali kwa pupa alikuwa anasema "msile kama washenzi". Na bibi yake yeye alikuja visiwani kutoka upande wa Nyasa, si kwa hiari yake. Hakuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja, au aliyaweka na hakutwambia.

Na utamaduni je? Chimbuko lake ni mji, kwa Kiarabu, kama Madina. Kwa hiyo ngoma za vijijini zote tumeziweka chini ya wizara ambayo jina lake linasema mwenye haya mambo ni mtu wa mjini. Kila nikiliona bango lile hucheka peke yangu.

#6 Kasongo wa Katanga

Jambo bandugu. Mie ni Mkongomani, nimezaliwa Lubumbashi, sasa ni miaka mingi niko Kigoma.

Dada wa Unguja, hilo neno lako halikuishia kwenu. Lilipanda na misafara, likavuka ziwa Tanganyika, likafika kwetu. Bashenzi, na kwa watu wa Kilingala basenji. Wakati wa Wabelgiji walikuwepo Wakongomani waliosoma kidogo, makarani, wauguzi, Wabelgiji wakawaita évolué, yaani mtu aliyekwisha kukua, kama vile mwingine bado yai. Mwaka 1948 wakaleta kadi ya sifa njema ya kiraia, na 1952 ikaja ngazi ya juu yake, ya kuandikishwa uwe karibu na sheria za mzungu. Kuipata hiyo lazima wakague maisha yako. Wanakuja nyumbani, wanaangalia watoto wanalala wapi, mke anakaa mezani na mume au jikoni, mnakula na uma ao na mukono. Baba wa baba yangu aliwahi kusimulia jirani yake aliyeazima viti vinne kwa siku hiyo.

Sasa huyo aliyekwisha kupita mtihani wa viti, ndugu yake akitoka kijijini anamwita nani? Basenji. Neno la mwambao, limebebwa na msafara wa pembe, likatumiwa na mweusi kumkataa mweusi mbele ya Mbelgiji. Na watu wa kijiji nao walikuwa na lao kwa huyo mwenye kadi: mundele ndombe, mzungu mweusi.

Kuna mbwa duniani anaitwa Basenji, mdogo, habweki vizuri, Wazungu wanamlipia pesa nyingi. Jina alilitoa hapo hapo: mbwa wa washenzi. Mbwa amefanya kama kuku wenu, amepanda bei.

#7 Jongoo wa Mbagala

Kasongo umeniua na mbwa. Kumbe mshenzi anauzwa ughaibuni na ana paspoti.

#8 Msee wa Githurai

Niaje watu wa Bongo. Huku Kenya tuna jozi moja ambayo nikiifikiria sana nashindwa kulala: settla na skwota.

Angalia. Mzungu anatoka Uingereza baada ya Vita vya Kwanza, anapewa ekari mia kadhaa kwenye zile walizoita nyanda za Wazungu. Huyo anaitwa settla, mtu aliyetulia, mwenye makao. Mkikuyu au Mkalenjin ambaye nyanya yake amezikwa kwenye hiyo ekari, anaitwa skwota, mtu aliyechuchumaa kwa shamba la wenyewe. Na sheria ya 1918 ikasema skwota ndiyo akae hapo lazima amfanyie huyo settla kazi siku 180 kwa mwaka. Mgeni ametulia, mwenyeji amechuchumaa. Mpaka leo ukisoma gazeti, maskwota ni wale wale, wajukuu wao, na hakuna mtu anauliza walichuchumaa lini.

Halafu boi. Mzee wa miaka hamsini, ana mabinti wameolewa, anaitwa na mtoto wa memsabu "boi, lete chai". Na hilo tumebaki nalo wenyewe: shamba boi. Jirani yangu ako na shamba boi wa miaka sitini na mbili.

Lakini lenye lilinishtua zaidi si neno moja, ni sentensi. Kambi ya Hola, tarehe 3 Machi 1959. Hali ya hatari bado iko, watu wamewekwa kizuizini bila kesi kwa sababu ya Mau Mau. Kundi moja linakataa kulimishwa kwa lazima, walinzi wanawapiga na marungu, watu 11 wanakufa. Serikali ya koloni ikatoa taarifa. Ilisema wafungwa walifariki baada ya kunywa maji kutoka kwa gari la maji.

Soma tena pole pole. Hakuna uongo wa moja kwa moja pale, pengine maji walikunywa kweli. Neno "baada" ndilo limefanya kazi yote. Uchunguzi wa daktari ndio uliivunja hiyo sentensi, si dhamira ya mtu.

Na mpaka 2003 Mau Mau lilikuwa bado kundi haramu kwa sheria za Kenya huru. Kenyatta alikuja akaenda, Moi akaja akaenda, mtukufu rais kila saa ya habari, na waliokuwa msituni bado ni haramu kwa karatasi. Uingereza ilikubali kulipa 2013, pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Neno walilochagua ni kwamba wanajuta mambo hayo kutokea. Kuwajibika kisheria walikataa pale pale, kwa hotuba hiyo hiyo. Sasa nyinyi watafsiri mtuambie: "tunajuta yalitokea" na "tulikosea" ni shilingi ngapi tofauti?

#9 Mtoto wa Mkonge

Githurai, hiyo ya boi nina ya kwake kubwa zaidi. Sisi Tanga tulikuwa na watu walioitwa NAMBA.

Mkonge uliletwa na Wajerumani 1893, ukaota kuliko walivyotarajia, na wenyeji wa Tanga hawakuwa na hamu ya kuukata kwa mshahara ule. Wakaenda kutafuta watu mbali: Kigoma, Songea, Rungwe, mpaka ng'ambo ya mipaka. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao kabisa ya kukusanya vibarua, SILABU. Mtu anatoka kwao ana jina la babu yake, akifika anaandikwa kwa namba. Watu wakaanza kuwaita manamba. Na sio wazungu waliowaita hivyo mtaani, ni sisi.

Babu yangu alikuwa manamba, Muha wa Kasulu. Alikaa Tanga miaka arobaini na kitu, kaoa hapa, kajenga hapa, anaongea Kiswahili cha Tanga kuliko mimi. Wakigombana na jirani kuhusu mpaka wa mchungwa, jirani anamaliza maneno yote halafu anasema, "Wee manamba tu." Babu ananyamaza, anaingia ndani. Nilimuuliza siku moja mbona hajibu. Akasema, "Nimjibu nini, namba yenyewe naikumbuka." Akaitaja. Tarakimu nne, harakaharaka, kama mtu anataja siku yake ya kuzaliwa, ambayo ndiyo hakuwa anaijua.

#10 Msee wa Githurai

Ngoja kwanza. Huku manamba ni yule kijana wa matatu, wa kuita abiria na kuning'inia mlangoni! Nimelitumia hilo neno maisha yangu yote nikidhani ni namba ya ruti.

Pole kwa babu.

#11 Mzee wa Hoja

Nimesoma mpaka hapa nikajizuia, sasa naona niseme. Mnatafuta mchawi kwenye kamusi. Lugha zote duniani ziko hivyo, mwenye nguvu ndiye anayetaja. Mtu akisema umeme umeungwa kienyeji hana chuki na mtu, anakuonya usipigwe shoti. Mkifuta maneno yote yenye historia mbaya mtabaki mnapigiana miluzi.

Pili, mnajifanya kana kwamba sisi ni wa kutajwa tu. Mhindi aliyezaliwa Upanga, babu yake kazaliwa Upanga, tunamwita nani tukiwa wenyewe? Gabacholi. Na huyo Mzungu kaburu, tulimtoa kwa Boer, sasa hivi mwenye nyumba akipandisha kodi ni kaburu. Hilo mbona hamlilii?

Tatu, maneno ya usawa tulishajaribu. Mwalimu alitaka wote tuitwe ndugu. Ndugu waziri, ndugu mfagiaji. Vyama vingi vilipokuja ndugu akaanza kuona haya, mheshimiwa akarudi kwa mlango wa mbele. Leo mwite diwani "ndugu" uone utakavyosubiri kwenye benchi.

#12 Karani wa Tegeta

Mzee wa Hoja, shikamoo, na ahsante kwa kuja na nondo.

Kufuta sijasema. Umeme wa kienyeji utaendelea kuitwa hivyo na mimi mwenyewe nitaendelea kulitumia, kesho asubuhi nikiona soketi ya yule fundi wangu. Nilichotaka ni kujua ninanunua nini kila nikilipa na hilo neno.

Kaburu tofauti yake ni moja. Kaburu hakukosa kiwanja kwa sababu sisi tumemwita kaburu. Manamba alikosa. Skwota alikosa. Neno bila ofisi nyuma yake linauma tu, lenye ofisi linahamisha mtu na vyombo vyake.

Ila gabacholi umenikamata, na sina pa kukimbilia. Nimelitumia. Na baba yangu alinisimulia jinsi Wahindi walivyoondoka mwanzoni mwa miaka ya 70 nyumba zao zilipotaifishwa, na majirani waliokuwa wanasema "wacha gabacholi waende" wengine walikuwa wanadaiwa nao dukani. Hapo neno letu lilikuwa na ofisi nyuma yake, na tulifurahi.

Nikuongezee na jingine dhidi yetu wenyewe. Ndorobo. Tunalitaja kama kabila. Limetoka kwa Wamaasai, maana yake ni mtu asiye na ng'ombe, fukara. Yaani wawindaji na warina asali walipewa jina na mfugaji, kwa kipimo cha zizi la mfugaji. Wakoloni wa Kenya wakalipokea kama lilivyo, na tume ya ardhi ya miaka ya 1930 ikapendekeza Wadorobo wapelekwe kuishi ndani ya maeneo ya makabila makubwa. Mtu ambaye jina lake ni "hana" hawezi kuonekana ana msitu. Waogiek wa msitu wa Mau kule Kenya, ambao ni miongoni mwa hao walioitwa Dorobo, walilibeba hilo mpaka kwenye Mahakama ya Afrika pale Arusha, ikawapa haki 2017, kwa jina lao la Ogiek. Kwa jina la Dorobo sijui wangeanzia wapi hata kuandika hati ya madai.

Kuhusu ndugu na mheshimiwa, sina la kujibu. Nilikaa kwenye hilo benchi wiki iliyopita.

#13 Mama Saluni

Wanaume mmeongea ardhi na sheria mpaka mmechoka, hebu njooni kwenye kiti changu Jumamosi.

Mteja anakaa, mimi nafungua kilemba, yeye anaanza kuomba msamaha. "Dada nisamehe, nina nywele mbaya." Kila wiki. Hajaniambia ana mba wala zinakatika, zimejaa kichwa kizima, nyeusi, zinashika suka kama gundi. Ubaya wake ni kwamba ni za kipilipili. Nywele nzuri ni zipi? Singa. Laini. Mwenye nywele za singa hata zikiwa tatu, "ana nywele nzuri".

Na bei yangu inafuata hayo maneno, nakiri. Nywele ngumu naongeza elfu tano, kwa sababu mkono unachoka. Sijawahi kuongeza elfu tano kwa nywele laini zinazoteleza, na zile ndizo zinazonitesa kusuka kuliko zote.

Rangi ndiyo usiseme. Mtoto akizaliwa, wa kwanza kuingia wodini anauliza mweupe au mweusi, baadaye ndiyo wa kike au wa kiume. Mweupe "katoka mzuri". Mweusi "katoka baba yake". Hata maji ya kunde, ambalo mimi nalipenda kwa sababu limetoka kwenye sufuria yetu wenyewe, watu wanalitumia kama daraja la katikati. Mkorogo ninaouona hapa dukani, hawa wasichana hawakuanza kwa kuangalia televisheni. Walianza kusikia wodini.

#14 Chizi Maarifa

Mama Saluni umeandika sentensi moja na nusu umenifanya nimpigie mke wangu simu kumuuliza nilisema nini wodini. Kasema nilisema "mbona mweusi hivi". Nimekaa kimya hapa.

#15 Bint Mwembetanga

Chizi, kwetu tungesema umefanya ushenzi. Ila sisemi, nimekoma.

#16 Karani wa Tegeta

Wakuu, nilikuwa nimepanga kufunga uzi jana usiku, likatokea la kutokea.

Binti yangu yuko darasa la nne. Kanileta daftari la Kiswahili nisaini, zoezi la vinyume. Kumi. Kapata tisa. Mrefu, mfupi. Nunua, uza. Mwenyeji, mgeni, tiki. Namba saba ni "kienyeji". Kaandika "kigeni".

Fikirini. Mwenyeji kinyume chake mgeni, kwa hiyo kienyeji kinyume chake kigeni. Hesabu safi kabisa, hakufundishwa na mtu. Kapigwa mkasi mwekundu, na pembeni mwalimu kaandika jibu sahihi kwa mwandiko mzuri wa kulala: "kisasa".

Nilikishika kile kidaftari muda mrefu mpaka mtoto akauliza, "Baba, nimekosa sana?" Nikamwambia hapana. Akasema basi nisaini, kesho wanakusanya.

#17 Mpima Viwanja

Si ungemwandikia mwalimu pale chini, mistari miwili tu ya heshima?

#18 Karani wa Tegeta

Kalamu nilishaitoa, mkuu. Nikakumbuka ada ya muhula huu sijamaliza. Nikasaini.